Rangi za Picha Kutoka Skrini Hadi Karatasi: Mwongozo Kamili kwa Wapiga Picha wa Unguja na Pemba

Mteja anayefuata picha zake huwa na malalamiko ya aina tatu. "Fundi, mbona picha zimepiga kiza?" "Fundi, mbona kanzu ya bwana harusi imekuwa ya buluu?" La tatu ni la wenye mahoteli ya Paje na Nungwi: "Hii bahari siyo ile uliyonionyesha kwenye simu." Fundi naye hujibu kwa wepesi kuwa ndivyo mashine ilivyo, au wino umekaribia kwisha. Mara nyingi mashine haina kosa. Kiza huletwa na skrini iliyowashwa mwanga mkali mno wakati picha inarekebishwa. Ubuluu huletwa na mwanga wa pale picha ilipopigwa. Bahari ina habari yake ndefu, na sehemu ya habari hiyo ni kwamba ziko rangi ambazo karatasi haiwezi kuzitoa, uichape picha popote utakapo.

Programu nitakazozitaja zaidi ni Photoshop na Lightroom, ambazo ni za kulipia. Asiyenazo atumie GIMP, darktable au RawTherapee. Hizo ni za bure, na karibu kila nitakachokieleza kinafanyika humo.

Hatua ya kwanza: muulize anayechapa

Wengi huanza na picha wakamalizia na printa. Geuza mpango huo. Kabla ya kugusa picha hata moja, jua itachapwa kwa mashine gani na juu ya karatasi gani, maana majibu hayo ndiyo yatakayoamua mengine yote.

Studio ndogo hutumia printa ya wino ya mezani, mfano Epson L805 au L8050, yenye wino sita: siani, majenta, manjano, nyeusi, kisha siani hafifu na majenta hafifu. Wapiga picha wa hafla hupenda mashine za joto, kama zile za DNP, zinazohamisha rangi kutoka kwenye utepe hadi kwenye karatasi, na picha hutoka kavu palepale. Maabara kubwa zina mashine zinazomulika karatasi ya picha kwa leza na kuipitisha kwenye dawa. Vipeperushi, kalenda na vitabu vya hoteli hupigwa chapa kwenye mitambo ya ofseti, na kazi hiyo mara nyingi huvuka bahari kwenda Dar es Salaam.

Muulize fundi mambo manne: anataka faili la sRGB (mfumo wa rangi wa skrini) au la CMYK (mfumo wa wino nne za uchapaji), karatasi yake inaitwaje, kama anayo profaili ya karatasi hiyo kwa mashine yake, yaani faili dogo linaloeleza rangi zinavyotoka juu yake, na kama mashine inarekebisha picha yenyewe. Swali la mwisho husahauliwa sana. Mashine nyingi za maabara huipima kila picha na kuiongezea au kuipunguzia mwanga. Kwa picha za simu za watu wa kawaida hilo ni jambo jema. Lakini wewe ukishaitengeneza picha ya bi harusi aliyesimama mbele ya ukuta mweusi, mashine itadhani picha ina kiza na kuipandisha, na uso utapauka. Mwambie fundi azime marekebisho hayo kwa oda yako, na umwandikie kwenye karatasi ya oda, maana anayepokea oda huenda siye anayechapa.

Akikujibu "lete tu," mpelekee JPEG ya ubora wa juu kabisa, ya sRGB, yenye profaili ndani yake. Ndiyo salama kuliko zote pale usipojua kitu.

Hatua ya pili: chumba na skrini

Skrini inatoa mwanga. Karatasi haina mwanga wake, inarudisha tu ule unaoiangukia. Tofauti hiyo haitaondoka hata ukinunua skrini ya bei gani. Unachoweza kufanya ni kuzikaribisha hizo mbili zisiachane mno, na kazi hiyo inaanza na mwangaza wa skrini.

Laptopu inapotoka dukani huwa imewekwa mwanga mkali ili ipendeze. Ukirekebisha picha hapo, uso wa mtu unaona umeng'ara vizuri, basi unauacha. Kwenye karatasi uso uleule unakuwa mzito. Malalamiko ya "picha zimepiga kiza" yamezaliwa hapa, na tiba yake haikugharimu senti. Fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye skrini. Shika karatasi nyeupe ya kuchapia kando yake, ikiwa inapigwa na mwanga wa kawaida wa chumba unachofanyia kazi. Punguza mwangaza wa skrini mpaka weupe wa skrini na weupe wa karatasi ukaribiane. Mara ya kwanza utaona skrini imefifia kupita kiasi. Jicho litazoea baada ya muda mfupi.

Kwa mwenye kifaa cha kupimia skrini, cha Datacolor au Calibrite, lengo la kazi za kuchapa ni mwangaza wa kati ya 80 na 120 kwa kipimo cha kandela kwa mita ya mraba, weupe wa D65 ambao ni sawa na 6500K, na gama, yaani mwendo wa mwanga kutoka weusi hadi weupe, ya 2.2. Iache skrini iwake nusu saa kabla ya kupima. Umeme ukikatika katikati ya kazi na skrini ikapoa, hesabu hiyo nusu saa upya. Rudia kupima kila mwezi au kila baada ya miezi miwili, kwa kuwa skrini hubadilika inapozeeka. Kifaa kimoja kinatosha studio tatu au nne zinazoaminiana. Sioni haja ya kila mtu kununua chake na kukiweka kabatini.

Zima kila kinachobadili rangi bila kukuuliza: Night Shift na True Tone kwenye vifaa vya Apple, taa ya usiku kwenye Windows, na ile hali ya kupunguza mwangaza laptopu inapokuwa kwenye betri. Ukiwa na laptopu ya bei nafuu ambayo picha inabadilika kiza na mwanga kila ukiinamisha kioo, chagua pembe moja, ikae hivyo kazi nzima, na usiiamini sana kwa vivuli. Skrini za namna hiyo pia mara nyingi hazifikii upeo mzima wa sRGB, kwa hiyo rangi zilizokolea utaziona zimefifia na utashawishika kuziongeza. Usiongeze. Soma namba, kama nitakavyoeleza mbele.

Chumba nacho kina lake. Mji Mkongwe kuna vyumba vyenye dirisha linalotazama ukuta mweupe wa chokaa, na saa sita jua linalogonga ukuta ule linajaza chumba kizima. Picha uliyoirekebisha saa sita na ile ya magharibi hazitafanana. Weka pazia zito, uwashe taa moja ileile asubuhi na usiku. Na fulana nyekundu inayoakisi kwenye skrini inakudanganya jicho, vaa kitu cha rangi tulivu.

Simu ya mteja ni janga jingine. Simu nyingi zenye skrini ya OLED zina hali ya rangi kali inayokoleza kila kitu, na mteja ameshaizoea picha yake hapo kabla hajaja kwako. Kwenye Samsung hali hiyo huitwa "Vivid". Mwombe aigeuze kuwa "Natural", aitazame tena picha ileile, kisha muanze mazungumzo.

Hatua ya tatu: kamera na mwanga

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, kazi yoyote inayolipiwa. Kwenye JPEG kamera imeshaamua rangi na kutupa yaliyobaki. Kwenye RAW mizani ya weupe (white balance) unaiamua wewe ukiwa umekaa.

Kuwa na kadi ya kijivu mfukoni, ile ya kijivu halisi ya kupimia mizani hiyo. Kila mwanga unapobadilika, mwambie mtu mmoja aishike kadi usoni kwake, upige picha moja, uendelee. Katika harusi mwanga hubadilika mara nyingi kuliko unavyodhani: ndani kwa bi harusi anapopambwa, kwenye nikaha msikitini chini ya taa nyeupe za mrija, nje kwenye kivuli cha mwembe ambapo majani yanamwaga ukijani juu ya kanzu zote, kisha ukumbini usiku. Kivuli cha mchana chenye anga wazi juu yake kina ubuluu mwingi. Macho hayauoni kwa sababu ubongo unauondoa, kamera inauandika kama ulivyo. Ndiyo kanzu ya buluu hiyo.

Ukumbini kuna jambo moja la kulikubali mapema. Taa za mapambo za zambarau na buluu za LED humulika kwa sehemu ndogo sana ya rangi za mwanga, na uso uliopigwa na taa hiyo peke yake hauna rangi ya ngozi ndani yake ya kuirudisha. Hakuna programu itakayouokoa. Tumia fleshi yako kuwa mwanga mkuu wa uso na uziache taa za rangi zibaki nyuma. Kama umeshachelewa, ifanye picha iwe nyeusi na nyeupe.

Hatua ya nne: weupe, ngozi na weusi

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu, na ndipo ninapowashauri wanaoanza wakae zaidi. Mtazamaji atasamehe bahari iliyopungua. Kwa ngozi ya mama yake hasamehe.

Anza na picha ya kadi ya kijivu. Bonyeza kidonezi cha mizani ya weupe juu ya kadi, kisha nakili marekebisho hayo kwa picha zote za mwanga ule. Kishawishi ni kubonyeza kwenye kanzu, kwa kuwa ni nyeupe na ipo kila mahali. Kanzu ni shahidi mbaya. Ziko za rangi ya maziwa, na zile nyeupe pepe hufuliwa kwa buluu, au kwa sabuni zenye kemikali inayong'arisha kitambaa kikipigwa na mwanga wa jua. Weupe wake kwa kweli umeelekea ubuluu. Ukiilazimisha kuwa kijivu halisi, nyuso zitaingia umanjano.

Mizani ikikaa sawa, fungua kidirisha kinachoonyesha namba za rangi, nyekundu, kijani na buluu, kutoka 0 hadi 255. Sehemu ya kanzu iliyo na mwanga zaidi iwe kati ya 235 na 245, na namba tatu zikaribiane. Ikifika 255 zote, printa haitaweka wino hata tone, na pale patakuwa tundu jeupe lisilo na mshono wala darizi. Kofia ya mkono iliyotobolewa vitundu kwa subira ya miezi huharibika namna hiyo kwa uzembe wa dakika moja.

Buibui lina mtihani wa upande wa pili. Mikunjo ya kitambaa cheusi ikiwa na namba 5 au 8, kwenye skrini utaiona kidogo, kwenye karatasi ya mati, isiyong'aa, itakuwa doa moja. Pandisha vivuli mpaka mikunjo ifike 20 au 25 na uache sehemu chache tu zishuke chini. Karatasi ya glosi, inayong'aa, inashika weusi zaidi, kwa hiyo hapo unaweza kuwa mkarimu kidogo.

Ngozi sasa. Kwa binadamu yeyote, awe mweupe au mweusi tii, chini ya mwanga uliosawazishwa namba ya nyekundu iko juu, ya kijani inafuata, ya buluu iko chini kabisa. Ukipima shavu ukakuta buluu imeipita kijani, picha ina ubuluu au uzambarau, hata kama jicho lako limeshauzoea. Ngozi nyeusi ikiingia ubuluu kwenye karatasi hupauka kama mtu asiyepaka mafuta, na hakuna mteja atakayelipokea hilo. Ipime mashavuni, siyo kwenye paji la uso linalong'aa, kwa kuwa mng'ao wa paji unaakisi anga au taa na hauna habari ya ngozi. Kosa la pili ni kukoleza rangi ya picha nzima: ngozi ya maji ya kunde hugeuka nyekundu kabla kanga haijapendeza. Ukitaka kanga ikolee, koleza nyekundu ya kanga peke yake kwa kuizungushia eneo. Hina nayo ni hivyohivyo. Rangi yake iko karibu sana na ya ngozi, kwa hiyo mikono ya bi harusi ifanyiwe kazi peke yake. Piko haina taabu, iangalie tu isizame.

Hatua ya tano: mifumo ya rangi na profaili

Namba tatu za rangi hazina maana mpaka ijulikane ni za mfumo gani. sRGB ulibuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na ndio unaotarajiwa na simu, tovuti na maabara nyingi. Adobe RGB wa 1998 ni mpana zaidi, hasa upande wa kijani na siani. Simu za iPhone tangu iPhone 7 hupiga kwa Display P3, ambao nao ni mpana kuliko sRGB. Profaili ni kijifaili kidogo ndani ya picha kinachosema namba hizi ni za mfumo upi. Kanuni zake hutolewa na shirika la ICC (International Color Consortium) lililoanzishwa mwaka 1993.

Kwenye Photoshop kuna amri mbili zinazofanana sura na zinazotofautiana kabisa kwa kazi. "Convert to Profile" hubadilisha namba ili rangi ibaki ileile katika mfumo mpya. "Assign Profile" huziacha namba na kubadili jina tu, ni kama kubandika karatasi ya mchele wa Mbeya juu ya gunia la mapembe. Wewe unataka ya kwanza karibu kila mara. Picha ya Adobe RGB ikisomwa kama sRGB hutoka imefifia, nyuso zimekauka, na fundi ataapa kuwa mashine yake ni nzima. Atakuwa mkweli.

Fanyia kazi kwenye Adobe RGB ya biti 16 ikiwa unatoka RAW na printa yako ni ya wino sita au zaidi. Kwa kazi za maabara na za haraka, sRGB inatosha na inakuondolea mashaka. Mwisho wa kazi, unapohifadhi, hakikisha alama ya kuingiza profaili imewekwa. Na usiigeuze picha kuwa CMYK kwa kubahatisha. Ukishaigeuza kwa profaili isiyo ya mtambo wenyewe, rangi zilizotupwa hazirudi.

Hatua ya sita: bahari, machweo na rangi zisizochapika

Kila mashine na kila karatasi ina upeo wake wa rangi. Nje ya upeo huo hakuna la kufanya ila kuchagua rangi ya karibu. Picha za kwetu zinaugonga upeo huo mara kwa mara: maji ya feruzi ya Jambiani saa tano mchana, mchanga mweupe chini yake, kanga mbichi, jua linalozama nyuma ya majahazi.

Kwa nini feruzi? Wino wa siani kwa nadharia ungekula nyekundu peke yake na kuachia kijani na buluu zipite zote. Wino halisi unakula na sehemu ya hizo mbili, kwa hiyo feruzi ya karatasi ina uchafu kidogo ndani yake, na kadiri unavyozidisha wino ndivyo inavyozidi kuwa nzito badala ya kung'aa. Skrini haina shida hiyo, inawasha kijani na buluu basi. Buluu ya kina kirefu ina ugonjwa mwingine: inachapwa kwa siani na majenta, na majenta ikizidi kidogo bahari inakuwa ya zambarau. Kwenye kazi za CMYK, majenta ya bahari iwe chini ya siani kwa asilimia 30 au zaidi.

Dawa si kuongeza ukolevu. Washa uhakiki wa rangi kwenye skrini. Kwenye Photoshop ingia "View", kisha "Proof Setup", kisha "Custom", uchague profaili ya karatasi uliyopewa na fundi. Ctrl+Y inauwasha na kuuzima. Kwenye Lightroom bonyeza S ukiwa sehemu ya kurekebisha. Skrini sasa inaigiza karatasi, na bahari itashuka mbele ya macho yako. Wengi huuzima hapo kwa huzuni. Uache uwake, tazama pembeni kidogo, kisha fanya kazi humohumo.

Utaombwa kuchagua namna ya kuzibana rangi. "Perceptual" huzisogeza rangi nyingi za picha kwa pamoja ili uhusiano wake ubaki. "Relative Colorimetric" huziacha zilizomo ndani ya upeo na kuzikata zilizo nje tu. Kwa maji yanayopishana kutoka kijani hafifu ufukweni hadi buluu ya kina, mimi huanza na ya kwanza, kwa sababu kukata huacha mabaka pale rangi zinapopishana. Kwa harusi huanza na ya pili, ikiwa na alama ya kulinganisha weusi (Black Point Compensation), kwa kuwa ngozi zote ziko ndani ya upeo na sitaki ziguswe.

Kisha fanya hivi. Chagua rangi za siani na buluu peke yake, punguza ukolevu wake kidogo kidogo mpaka mawimbi na vivuli vya maji virudi kuonekana, halafu pandisha mwangaza wake. Feruzi iliyo nyepesi yenye weupe wa karatasi ndani yake inasomeka kuwa ya bahari yetu kuliko feruzi iliyokolea ikazima. Mchanga nao uutie joto kidogo, umanjano kiasi cha kuonekana tu. Jicho hupima rangi kwa kulinganisha na jirani yake, na maji yatapata ubuluu bila wino wa ziada.

Machweo ya Forodhani au Kendwa huharibika upande wa nyekundu. Fungua histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa kiza na mwanga, ya kila rangi pekee. Utaona nyekundu imegonga ukuta wa kulia wakati nyingine ziko katikati, maana yake duara la jua na wingu lake vitachapwa kama bapa moja la rangi ya chungwa. Punguza mwanga wa sehemu hiyo na ukolevu wa nyekundu mpaka mlima wa histogramu uachane na ukuta.

Mwenye kupiga mavuno ya karafuu Pemba ana bahati. Karafuu zilizoanikwa mkekani, kahawia na wekundu wake mzito, ziko ndani kabisa ya upeo wa printa yoyote. Picha ya Wete ikitoka mbaya usisingizie karatasi.

Hatua ya saba: ukubwa

Pikseli 300 kwa inchi ndicho kipimo cha kawaida cha picha ya mkononi. Inchi 4 kwa 6 inahitaji pikseli 1200 kwa 1800, inchi 8 kwa 10 inahitaji 2400 kwa 3000, na A4 inahitaji 2480 kwa 3508. Bango la ukutani linalotazamwa kwa mbali linaridhika na nusu yake. Faili lipelekwe kwa fleshi diski au kwa barua pepe. Kama ni lazima WhatsApp, litume kama hati, maana likitumwa kama picha linabanwa.

Hatua ya nane: kwenye printa

Anayechapa mwenyewe akumbuke kanuni moja kubwa: rangi isimamiwe na mmoja, ama programu ama printa. Ukichagua profaili ya karatasi ndani ya Photoshop, ingia kwenye mipangilio ya printa uzime marekebisho yote ya rangi. Vyote viwili vikifanya kazi, rangi inabadilishwa mara mbili, na picha mara nyingi huingia wekundu usioeleweka umetoka wapi.

Aina ya karatasi kwenye mipangilio ilingane na iliyomo kwenye trei, kwa kuwa ndiyo inayoamua kiasi cha wino. Profaili ni ya printa fulani, wino fulani na karatasi fulani kwa pamoja. Ukijaza wino wa chupa nyingine kwa sababu ya bei, profaili ya mtengenezaji haikuhusu tena. Sikukatazi, ila usibadili kila mwezi. Kaa na wino mmoja na karatasi moja mpaka uzijue tabia zake. Kabla ya kazi yenye thamani chapa ukurasa wa kukagua matundu ya wino. Tundu moja la siani hafifu likiziba, anga yote itaingia upinki.

Kipimo cha haraka cha mashine ni kuchapa picha isiyo na rangi kabisa kwa wino wa rangi. Kijivu hakifichi kitu: mashine ikielekea ukijani au umajenta utauona hapohapo. Ambao wamesimama mbele ya picha nyeusi na nyeupe za Capital Art Studio pale Kenyatta Road, studio iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, wanajua kijivu safi kinavyokuwa. Iweke picha kama hiyo kwenye kompyuta yako na uichape kila unapofungua boksi jipya la karatasi.

Masika ni adui wa karatasi. Inavuta unyevu, wino unatanuka na kukawia kukauka, na vivuli vinazidi kufunga. Karatasi ikae kwenye mfuko wake uliofungwa, utoe zile utakazozichapa tu.

Hatua ya tisa: kipande cha majaribio

Ungenitaka nichague hatua moja tu kati ya zote, ningechagua hii. Chukua karatasi ya inchi 4 kwa 6 ya aina ileile ya kazi kubwa. Upange juu yake vipande vya picha ngumu: uso, kanzu, mikunjo ya buibui, kona ya bahari. Ichape kwa mashine ileile na mipangilio ileile. Iache siku moja kabla ya kuihukumu, kwa kuwa wino wa maji hubadilika kidogo unapokauka.

Halafu uitazame penye mwanga. Kipimo cha viwanda vya uchapaji ni taa ya 5000K, lakini kivuli cha baraza wakati wa mchana, pasipo jua la moja kwa moja, kinatosha. Kisha ipeleke chini ya taa itakayokuwa juu ya picha siku zote. Taa ya manjano ya 2700K inaitia bahari ukijani na inaipendezesha ngozi, taa nyeupe ya bei nafuu inafanya kinyume. Kama picha ni ya ukumbi wa hoteli, nenda ukumbini na kipande chako. Karatasi nyeupe pepe zenye king'arishi huonekana za ubuluu mchana na za umanjano usiku, na mteja aambiwe hilo mapema.

Ukirekebisha, badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Kama kipande kina kiza lakini rangi ziko sawa, pandisha mwanga theluthi moja ya stopu na uchape tena, usiguse mizani. Kipande kilichokubalika kiandikwe nyuma: tarehe, karatasi, wino, profaili. Kibaki studio pamoja na faili lake.

Kazi za ofseti

Kwa kitabu au kalenda, omba jina la profaili ya mtambo. Nyingi hufuata FOGRA39 kwa karatasi ya kung'aa, lakini usikisie. Geuza kwa profaili hiyo mara moja, mwishoni kabisa, na nakala ya RGB uihifadhi. Jumla ya wino nne pahala penye kiza zaidi isipite kikomo watakachokupa, ambacho kwa karatasi ya kung'aa mara nyingi ni kati ya asilimia 300 na 330, la sivyo kurasa zitashikana kabla hazijakauka. Buibui na usiku wa Michenzani ndivyo vinavyovuka kikomo hicho kwanza.

Omba prufu ya karatasi, yaani chapa ya kukagulia, kabla mtambo haujawashwa. Prufu ya PDF kwenye simu haina habari yoyote ya rangi. Mteja aitazame prufu hiyo barazani mchana, aisaini na kuandika tarehe, na nakala ibaki kwako mpaka mzigo ushuke bandarini.